Mistari Kumi na Sita

Mimi sikuhadithiwa, nilikuwepo. Nasema mapema kwa sababu jirani yangu wa mlango wa pili ameanza kuisimulia kana kwamba yeye ndiye aliyekalia lile benchi, na siku hiyo alikuwa kwake anasukwa nywele.

Mtoto wa kaka yangu, tunamwita Miwani, ni fundi wa kompyuta za mkononi, zile za zamani zenye kijiti cha kubonyezea. Saa nne asubuhi, jua linawaka, nimekaa kwenye benchi dukani kwake namenya machungwa na kuwasema wapita njia. Akaingia mjane wa yule seremala wa mtaani kwetu. Joto lote lile, yeye gauni la mikono mirefu hadi vidoleni. Mtaa mzima tulijua kwa nini: marehemu alikuwa akimchapa mkanda, na sisi majirani tukiongeza sauti ya redio.

"Ya marehemu," alisema, akaiweka kompyuta mezani kwa ncha za vidole. "Kioo kimefifia."

"Au unataka kuziona picha zake?" nikamchokoza.

"Sitaki picha, bibi. Nataka kikolee tu."

Akaondoka bila hata kuuliza itakuwa tayari lini.

Sasa, Miwani ana kiprogramu chake cha kupimia kioo. Kinachora mistari kumi na sita, wa kwanza mweupe pe, wa mwisho mweusi ti. Kioo kikiwa kizima unaihesabu yote. Kikiwa kibovu, ile ya upande wa giza inagandana. Basi unakoleza, unapunguza, mpaka iachane. Na kwa kuwa mwanga wa mlangoni humsumbua, hujifunika shuka zito, yeye na kompyuta humo ndani.

"Shangazi, nikitoka humu nikute chungwa langu."

"Atamia kwanza, kuku wewe!"

Akacheka. Nikamsikia akihesabu. "Kumi na tatu. Kumi na nne. Huu wa kumi na tano una kitu."

"Uchafu?"

"Kama mtu. Amenipa mgongo. Ngoja nikoleze."

Kitufe kikalia.

"Amegeuka."

Niliacha kumenya.

"Shangazi," akanong'ona, "ameshika mkanda."

Kisha nikasikia pigo. Shati likachanika. Pigo la pili. La tatu. Chini ya shuka alikuwa mtu mmoja. Viwiko vilivyolisukuma vilikuwa vinne.

Meza ikapinduka. Kichwa chake kikagonga sakafu, kikainuliwa, kikagongeshwa tena. Jino likateleza mpaka kwenye ndara zangu. Shuka likaloa damu. Sidanganyi, miguu yangu ilishageukia mlangoni.

"Shangazi."

Aliita polepole, kama mtu asiyetegemea kuitikiwa. Na pale dukani hapakuwa na redio.

Nikashika pembe ya shuka, nikavuta. Upande wa pili nao ukavutwa. Nikakanyaga mguu wa meza, nikavuta kwa uzee wangu wote. Kitu kikanichapa kifundo cha mkono. Sikuachia. Shuka likatoka.

Hakukuwa na mtu mwingine. Miwani tu, taya limevunjika, shati limekuwa matambara. Kompyuta ilikuwa chini, inawaka. Mistari yote imeachana, safi kabisa.

Hospitali, nesi aliniuliza nani kamfanyia hivi. Mimi nilikuwa nahesabu alama za mkanda mgongoni mwake. Mstari wa begani umepauka, unaofuata umekolea kidogo, unaofuata zaidi, hadi ule wa kiunoni, karibu mweusi. Nilihesabu mara tatu. Kumi na mitano.

Yuko hai. Taya limefungwa waya, na ukimfunika hata kwa kitenge anapiga mateke.

Wiki ya pili nilikuwa nafagia duka, mjane akaja. Amevaa gauni lisilo na mikono, yeye! Mikono laini, haina hata alama, kama ya mtoto mchanga. Kompyuta hakuiulizia. Alikitazama kifundo changu, akashika mkono wa gauni langu, akaushusha taratibu mpaka ukafika vidoleni. Akaenda zake.

Wa kumi na sita uko hapo, mweusi ti. Nikikaa juani unafifia. Nikiingiza mkono chini ya shuka, unakolea.