Dirisha Lisilotikisika

Naapa kwa meno yangu yote yaliyobaki, na yamebaki kumi na moja: haya yalitokea. Sijaongeza chumvi hata punje. Palipopigwa risasi kumi nimezipunguza zikawa nne, msije mkaniona muongo.

Saa tatu na dakika tano asubuhi, simu iliita ndani ya koti lililotundikwa nyuma ya mlango wa bafu.

Mwenye koti alikuwa ananyoa ndevu. Alikuwa jasusi. Jina lake halisi alilijua mama yake tu, na mama yake alishaapishwa asilitaje, hata akiwa na hasira. Idarani walimwita Kicheche.

Aliipokea simu kwa mkono wa kushoto. Wembe haukusimama.

"Mgonjwa anakonyeza," sauti ilisema.

"Jicho moja au yote mawili?"

"Kioo kizima."

"Tangu lini?"

"Jumatatu. Tangu apewe mfumo mpya."

Akasuuza wembe.

"Nakuja, Shangazi."

Shangazi alikuwa mkuu wa Idara. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote, lakini hakuna aliyethubutu kumwita vingine. Alikuwa na ile sauti ya kukufanya ukumbuke soksi ambazo hujafua.

Alimweleza kwa kifupi. Bohari kuu ya dawa. Malori mawili yametekwa wiki hii, moja Jumanne, la pili Alhamisi. Dawa za sukari na za moyo zimevushwa mpaka kwa magendo na kuuzwa upande wa pili mara tano ya bei. Dereva wa kwanza yuko hospitali. Wa pili hajaonekana. Njia ya kila lori huijua watu wawili tu: meneja anayeipanga kwenye laptop yake, na dereva anayeambiwa akiwa ameshawasha injini. Na laptop hiyo, tangu ifanyiwe apdeti, kioo chake kinachezacheza.

"Lori la leo limetoka?"

"Saa mbili na nusu. Litafika darajani saa tano kasoro robo. Na huko darajani kuna magari mawili meusi yamepaki tangu alfajiri. Watu wangu wawili wanayaangalia kwa mbali. Wale wako kumi na wawili, wana silaha."

"Mpigie dereva ageuze."

"Madereva wanaacha simu getini. Sheria mpya ya usalama."

"Dereva mwenyewe nani?"

Shangazi akakohoa. Shangazi hakuwa mtu wa kukohoa.

"Shemeji yako."

Kicheche akajikata kidevu.

Shemeji huyo, mume wa dada yake, aliitwa Breki kwa sababu hakuwa na mazoea ya kuzitumia. Kwa miaka kumi na sita wawili hao walikuwa wanatupiana matusi ya utani kila Jumapili, na hakuna aliyewahi kumshinda mwenzake.

Simu ikaita tena. Safari hii ilikuwa ile ya nyumbani.

"Kaka." Dada yake hakusalimia. "Mume wangu ameendesha lori la dawa leo. Ni hayo hayo yanayotekwa?"

"Mimi nitajuaje mambo ya malori? Mimi nakagua vizima moto."

"Miaka ishirini unakagua vizima moto, na mgongoni una makovu matatu ya risasi. Sikuulizi. Nakuambia tu. Akirudi na tundu hata moja ambalo hakuzaliwa nalo, usikanyage kwangu."

Akakata.

Kicheche alivaa. Beretta kwapani. Casio mkononi, ya kawaida kabisa ila ilikuwa na sumaku ya kufungua makufuli. Flaski begani: nusu ya juu chai, nusu ya chini redio ya mawasiliano. Kisha sare yake ya bluu yenye maandishi mgongoni, UKAGUZI WA VIZIMA MOTO. Hakuna mtu duniani anayemtazama usoni mkagua vizima moto.

Alipanda Yamaha yake.

Gari jeupe likamfuata kona ya kwanza. Kona ya pili. Kona ya tatu.

Risasi nne. Zote zilikosa; jasusi hakosi maadui wa zamani.

Kona ya nne hakukata. Aliingia na pikipiki mlango wa mbele wa kinyozi, akatokea mlango wa nyuma. Wateja hawakugeuza shingo. Kinyozi alisema tu, "Leo tumejaa, mzee, jaribu kesho."

Saa tatu na dakika arobaini alikuwa ghorofa ya pili ya bohari.

Ofisi ya meneja ilikuwa na kabati la mafaili lisilofungika, feni iliyoelekezwa kwa meneja peke yake, na kizima moto chekundu kilichogeuzwa kuwa cha kutundikia mwavuli. Watu walikuwa watatu, na Kicheche hakumpenda hata mmoja.

Meneja alikuwa anafuta jasho shingoni, feni inampuliza.

Mtunza stoo, mama mmoja mnene mwenye rundo la funguo zipatazo arobaini, alikuwa amesimama mlangoni na faili alilolishika juu chini. Hakuwa anasoma. Alikuwa anasikiliza.

Na fundi wa kompyuta. Shati lilipigwa pasi mpaka mfukoni. Mfukoni kalamu nne. Mtu anayeshinda kwenye kompyuta, kalamu nne za nini?

Laptop ilikuwa mezani. Kioo kilitulia, kikapepesa, kikatulia. Mistari myembamba ilipita juu yake kama kope za mtu anayedanganya.

"Hii nayo inaweza kuwasha moto," Kicheche alisema kwa ukali wa kiserikali. "Ina nini?"

"Kawaida tu, bwana mkaguzi," fundi alijibu, akitabasamu. "Mfumo mpya na kioo cha zamani. Ni kama mke mpya na mama mkwe, bado hawajazoeana. Uwape wiki mbili."

"Wiki mbili."

"Au tatu."

Jibu lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri mno. Fundi wa kweli angesema hajui, kisha angelaumu umeme.

"Wewe," Kicheche akamwambia, "shuka ghalani unihesabie vizima moto."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Una kalamu nne."

Fundi alitoka. Mtunza stoo naye akapotea mlangoni, funguo zikilia kwenye korido, halafu zikaacha kulia. Kicheche aliufunga mlango kwa kitasa.

"Bwana meneja, fungua barua yoyote."

Meneja alifungua. Kioo kikatulia tuli.

"Fungua njia ya lori la leo."

Meneja akakiziba kioo kwa viganja. "Wewe ni nani?"

"Shemeji ya dereva."

Meneja alifungua. Kioo kikapepesa.

Funga. Tuli. Fungua. Kikapepesa.

Kicheche akainama na kubonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Likafunguka dirisha dogo, lile linaloorodhesha programu zote zinazofanya kazi ndani ya mashine. Akalitazama dirisha hilo bila kupumua.

Nyuma yake ramani ilicheza. Maandishi yalicheza. Picha ya watoto wa meneja ilicheza.

Dirisha halikutikisika.

"Unaona?" alinong'ona. "Kama kungekuwa na ugonjwa kati ya mfumo na kioo, dirisha hili nalo lingetetemeka. Likitulia peke yake na mengine yanacheza, kuna programu humu ndani inayosumbua." Kidole chake kilishuka kwenye orodha, kikasimama. "Hii kalenda ya mwezi kaiweka nani?"

"Fundi. Alisema inakuja na mfumo mpya."

"Haiji. Inasubiri ufungue njia, inachota picha ya kioo, inamtumia mwenyewe. Kila inapochota, kioo kinashtuka. Na ile sheria ya madereva kuacha simu getini?"

Meneja alikaa chini. Kiti kilikuwa nusu mita pembeni, ikabidi Kicheche amwahi.

"Yeye ndiye aliyependekeza," alisema meneja. "Mungu wangu. Na mimi ndiye niliyesaini." Akanyoosha mkono. "Naifuta sasa hivi."

"Usiguse! Mwizi anayekuamini ni mali."

Casio ilisema saa nne na dakika mbili.

"Andika," Kicheche akaamuru. "Herufi kubwa. MABADILIKO. DARAJA LIMEFUNGWA KWA UKARABATI. LORI LIMEGEUZIA MACHIMBO YA KOKOTO, LISUBIRI HAPO."

Meneja aliandika kwa vidole viwili. Wote wawili walikitazama kioo.

Hakikucheza.

Sekunde kumi. Ishirini. Jasho la meneja lilidondoka mezani.

"Funga, kisha ufungue tena."

Alifunga. Alifungua.

Kioo kikapepesa mara tatu.

Kicheche alifungua kitako cha flaski. "Shangazi. Una watu karibu na machimbo ya kokoto?"

"Kambi ya polisi iko dakika ishirini."

"Una kumi na tano."

"Unanipangia mimi muda?"

"Hapana, Shangazi."

"Nitatumia kumi na nne."

Wakasubiri. Saa ya ukutani ilikuwa na mlio ambao meneja alidai hajawahi kuusikia. Saa nne na dakika kumi. Na kumi na mbili. Kicheche aliwaza meza ya Jumapili yenye kiti kimoja kitupu. Aliwaza na uso wa dada yake, akaona heri magari meusi.

Redio ikakoroma.

"Magari mawili yameondoka darajani."

"Yanakwenda wapi?"

"Kokoto."

Meneja akaanza kulia kimya kimya, kiume, akifuta macho kwa kitambaa kile kile cha shingo.

Ndipo kitasa kikageuka. Kumbe fundi alikuwa na ufunguo wake. Aliingia simu mkono mmoja, na mkono wa pili haukuwa na kalamu.

Ilikuwa bastola.

"Ghalani kuna vizima moto kumi na viwili," alisema polepole. "Na lile daraja nimelipita jana. Hakuna ukarabati wowote. Wewe si mkaguzi."

"Umejuaje?"

"Mkaguzi wa kweli angeomba chai kwanza."

"Chai nimekuja nayo," alisema Kicheche.

Akamrushia.

Chai ilikuwa ya moto, ya tangawizi, na ilimpata kwenye shati lililopigwa pasi. Risasi ikapasua feni. Kicheche akanyakua kizima moto, mwavuli ukaruka, akabonyeza. Ofisi nzima ikawa nyeupe. Fundi alirudi nyuma akikohoa, akapapasa mlango, akaupata, akatoka.

Hakufika mbali. Korido ilitoa mlio wa funguo arobaini zikitua kwenye kichwa kimoja.

Moshi ulipotulia, mtunza stoo alikuwa ameketi juu ya mgongo wa fundi, faili bado kwapani.

"Siku nne namsikiliza huyu," alisema. "Akitoka hapa, anaenda kunong'ona chooni. Nilidhani ana mwanamke."

Saa tano kasoro robo, redio ilikoroma tena.

"Machimboni kumi na wawili wamelala kifudifudi. Hakuna aliyeumia. Lori limevuka daraja. Dereva anaimba."

"Anaimbaje?"

"Vibaya sana."

"Ndiye yeye," alisema Kicheche, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akagusa kidevu chake alipojikata.

Alikirudisha kizima moto ukutani. "Hiki kijazwe upya," alimwambia meneja. Akaweka flaski begani, akavuka miguu ya fundi kama mtu anavyovuka dimbwi, akashuka ngazi moja moja bila haraka. Nje, akawasha Yamaha. Hakutazama nyuma.

"Umemaliza?" aliuliza binti yangu.

Sijawaambia kwamba nilikuwa namsimulia yeye? Ndivyo. Ni muuguzi. Alikuwa amekaa mbele yangu, bado na sare ya kazini, laptop yake mapajani, na kioo kinacheza kama kimepandwa na pepo. Aliniuliza swali moja tu: kimekuwaje? Nikaona ni vizuri nianze mwanzo.

"Nimemaliza, mwanangu. Kwa hiyo usiiguse. Imevamiwa."

"Baba, hapa kuna historia ya apdeti. Mfumo mpya umeingia juzi, saa nne asubuhi. Mimi saa nne nilikuwa wodini."

"Hawa watu wanafanya kazi asubuhi, nimekueleza."

"Mashine iliuliza, mtu akabonyeza kubali. Ilipowaka tena, huyo mtu akacheza karata mpaka mchana. Amepoteza mara tisa."

"Nane," nikasema.

Ulimi hauna mfupa.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alifunika laptop taratibu, akaingia chumbani, akatoka na karatasi nne za manila, rula na kalamu mbili.

"Ratiba ya zamu za wodi," alisema. "Wauguzi ishirini na sita, siku thelathini. Matroni anaitaka kesho asubuhi, na kwenye kioo hiki siwezi kusoma hata jina langu. Ulikuwa karani wa masjala miaka thelathini na miwili, Baba. Mwandiko unao."

"Mwanangu, na Kicheche je? Si angeweza..."

"Kicheche ameshaondoka na pikipiki. Umebaki wewe."

Nikapiga mstari wa kwanza. Ulipinda kidogo. Akaigeuza karatasi upande wa pili, akanirudishia rula.