Kaka Yangu Alifunga Mnyororo Nikiwa Ndani ya Gari

"Nimo ndaniii! Kuna mtu humu!"

Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Nje nikasikia mnyororo unaburuzwa juu ya lami... krrr... krrr... kisha KLAK! Kulabu imeshika chini ya gari.

"Tayari! Hili langu!" mwanaume mmoja akashangilia.

Jamani... sauti ile niliijua. Nimekula nayo sahani moja tangu sina meno.

Ilikuwa sauti ya kaka yangu. Tumbo moja!

Naandika haya goti likiwa linaniwaka moto, kwa hiyo msinitafutie maneno laini. Sina.

Mimi ni fundi wa viti vya magari. Kibanda changu kiko ukingoni mwa barabara kuu, pale penye kona kali, kati ya muuza matairi na kinyozi. Nashona kwa cherehani ya kukanyaga, lile dude la chuma linalotoboa ngozi na turubai. Umeme ukatike, usikatike, mimi nashona. Injini yangu ni mguu wa kulia.

Huo mguu muukumbuke.

Kaka yangu ana gari la breakdown, la kuvuta magari yaliyokufa au kupata ajali. Wanamwita Kulabu. Ubavuni mwa gari lake kaandika kwa rangi nyekundu: ALIYEWAHI NDIYE MWENYEWE.

Msidhani ni mbwembwe za madereva. Ndiyo sheria yao wenye breakdown. Wa kwanza kufunga mnyororo kwenye gari la ajali, kazi ni yake. Akiufungua kabla hajaondoka, hata kwa kupiga chafya, mwenzake ana ruhusa ya kufunga wa kwake.

Ndiyo maana wakisikia kishindo wanakimbizana kama fisi waliosikia mbuzi analia. Wanapita upande usio wao, wanapanda njia ya waenda kwa miguu, honi mpaka masikio yanauma. Watu waliopewa kazi ya kuondoa ajali barabarani, wao wenyewe ni ajali inayotafuta pa kutokea!

Na kaka ndiye bingwa wao. Sishangai. Mimi sisahau kitu.

Tukiwa wadogo nyumba ya jirani iliungua. Mtaa mzima ukatoka na ndoo. Kaka naye alikimbia, tena mbele ya wote... akarudi nyumbani na sufuria. La jirani! Bado lina joto.

"Sasa ningeliacha liungue?" akasema.

Mama akacheka. "Huyu mtoto ana akili ya kutafuta."

Sufuria hilo liko jikoni kwa mama mpaka leo. Mtaliona tena mbele huko.

Haya, turudi kwenye ajali.

Mchana huo nilikuwa natoka kununua turubai. Nikakodi gari la dereva mmoja wanayemwita Ndege. Jina kajipa mwenyewe, maana wapumbavu huwa hawasubiri kusifiwa. Nikakaa mbele. Yeye simu sikioni, mkono mmoja kwenye usukani, mdomo hauna breki.

"Kaka dereva, punguza. Kona hiyo."

"Dada, hii gari inanijua."

"Inakujua wewe, ukuta je?"

"Hahaha! Fundi una maneno wewe!"

Akaovateki kwenye kona. Akiwa anacheka!

Lori hilo, uso kwa uso. Ndege akakata usukani... tukaingia kwenye ukuta wa zege wa mtaro.

Nilipofumbua macho dashibodi ilikuwa imenikalia gotini. Mlango wangu umejikunja. Ndege yeye katoka upande wake mzima kabisa, anajipangusa shati. Kisha akapiga simu.

Nikasema moyoni, angalau anaita msaada.

"Kulabu! Nina mzigo hapa kwenye kona. Wahi! Na changu usikisahau, eeh."

Mmesikia? MZIGO. Na mimi nilikuwa ndani ya hesabu ya mzigo.

Kumbe ndiyo desturi yao hao madereva vichwa maji. Anaua gari la watu, halafu anauza mzoga wake kwa simu, apate kishika mkono. Hospitali haitoi kishika mkono, ndiyo maana haipigiwi.

Kaka akafika vumbi halijatua. Akaenda moja kwa moja nyuma ya gari. Watu hawa hawatazami vioo, wanatazama pa kufungia. Akafunga, akashangilia kama mlivyosikia, akaanza kuliinua gari kwa winchi.

Nyuma ikipanda, uzito wote unashuka mbele. Mbele ndipo palipokuwa na goti langu.

"Aaaah! Shusha! Unaniua!"

Hapo ndipo breakdown ya pili ikafika ikipiga breki za vishindo. Akashuka mpinzani wake mkubwa, anaitwa Kipara. Akachungulia kioo changu.

"Kulabu! Kuna mtu humu! Shusha gari, mlango haufunguki likiwa limening'inia!"

"Nishushe ili ufunge wewe? Mimi mtoto?"

"Mwanamke amebanwa mguu!"

"Kila siku una hadithi wewe."

Ikabidi kaka aje kuangalia mwenyewe. Akainama dirishani. Macho yetu yakakutana.

"Dada...?"

"Kaka, ni mimi. Shusha. Mguu wangu, kaka... ule wa cherehani."

Akaniangalia mimi. Akamwangalia Kipara. Akauangalia mnyororo.

Enyi mnaosoma, mnadhani alifanya nini?

"Vumilia kidogo, dada. Nampigia kwanza mwenye gari athibitishe kuwa kazi ni yangu, halafu nashusha. Dakika moja tu."

Akatoa simu!

Mimi nalia, yeye anasema "haloo, haloo, unanisikia bosi?"

Kipara hakungoja. Akatoa mkasi mkubwa wa kukatia vyuma kwenye gari lake, akaubana kwenye ule mnyororo. PAA! Nyuma ya gari ikaanguka chini, nikaona nyota mchana kweupe, lakini dashibodi ikaachia. Muuza matairi na kinyozi wakaja na mtaimbo, wakaubandua mlango, wakanitoa. Kabla sijalazwa vizuri chini, gari lilikuwa linaondoka, limefungwa nyuma ya Kipara.

Sikulijali. Machoni pangu Kipara alikuwa malaika asiye na nywele.

Nikalazwa hospitali. Mama akaja na supu. Mnajua aliileta ndani ya nini? Sufuria la jirani.

Nyuma yake kaka, kavaa shati la kanisani, kashika maembe kwenye mfuko. Nikasema, haya, amekuja kuniomba radhi. Damu nzito kuliko maji.

"Dada, pole sana."

"Asante."

"Nina shida ndogo."

"Shida gani, kaka?"

"Kipara kanikatia mnyororo. Mpya kabisa! Nimempeleka kwenye chama chetu. Sasa nataka uwe shahidi wangu."

Nilidhani ni dawa za usingizi zinanichezea.

"Shahidi wa nini?"

"Useme kwamba alipokata, wewe ulishatolewa zamani. Gari lilikuwa tupu. Basi tu, maneno mawili."

Mama akaingilia. "Msaidie kaka yako. Mnyororo ndio jembe lake."

"Na mguu wangu ni nini, mama?"

"Mguu utapona, mwanangu. Mnyororo unapona?"

Nikatabasamu. Nikamshika kaka mkono.

"Nitakuja. Nitasema nilichokiona."

Akafurahi, akala embe moja mwenyewe, akaondoka.

Kikao kilifanyika kwenye yadi yao, katikati ya magari yaliyopondeka. Wenye breakdown wote walikuwepo, wamekalia viti vya magari ya watu. Kimoja nilikishona mimi, nikautambua uzi wangu. Mwenyekiti wao kakaa kwenye kiti cha lori, tumbo limetangulia mbele kama bampa.

Kaka akaweka vipande viwili vya mnyororo chini. Analia machozi kabisa! Msiba wa chuma.

"Shahidi wangu huyu hapa. Dada yangu wa damu."

Nikasimama na mkongojo.

"Ni kweli," nikasema. "Kipara aliukata huu mnyororo. Nilimwona kwa macho yangu."

"Mmesikia!" kaka akaruka.

"Nilimwona kwa sababu nilikuwa ndani ya gari. Huyu kaka yangu alinitazama usoni, akanitambua, akaniambia nivumilie apige simu."

Hata Mwenyekiti akaacha kuchokonoa meno.

Nikajua kaka kwisha habari yake. Nikajua leo wanamfukuza mbele yangu.

Mwenyekiti akakohoa.

"Chama kimesikia kwa uchungu. Kuhusu mguu, chama kinampa dada pole. Kuhusu mnyororo... kanuni ni kanuni. Kipara, mnunulie mwenzako mnyororo."

Wakapiga makofi!!

Jamani, nimeona mijusi yenye utu kuliko kile kikao. Wanaume wazima wenye watoto wao wanapima goti la mtu na kipande cha chuma, chuma kinashinda.

Sikutukana. Nikauliza tu, "Na hivi vipande vilivyokatika, bado ni mali ya mtu?"

"Vyuma chakavu hivyo," kaka akasema. "Vya nini?"

"Naviomba."

"Chukua, dada. Kumbukumbu hiyo," akasema, wakacheka wote.

Kumbukumbu! Kanena mwenyewe.

Nikapigilia msumari mkubwa kwenye ukuta wa kibanda changu, upande unaotazama barabara. Nikautundika mnyororo. Chini yake nikaweka ubao, herufi kubwa: HUU ULIFUNGWA KABLA YA MTU KUTOLEWA. ALIYEUFUNGA NI KULABU. ALIYEKUWA NDANI NI DADA YAKE.

Pale kwenye kona foleni haikosekani. Watu hawana la kufanya ila kusoma. Wakasoma, wakapiga picha, mkazisambaza nyinyi hapa hapa. Gari likiharibika, mwenyewe akiona yale maandishi mekundu yanakuja anapiga kelele, "Si wewe! Si wewe! Nitasukuma!"

Ndege naye hapati abiria kona nzima ile. Abiria wanamuuliza, "Wewe si ndiye uliyemuuza fundi?" Ndege kakatwa mbawa, sasa anatembea kwa miguu kama sisi.

Kazi zote zikaenda kwa Kipara. Na mimi ndiye niliyemsifu, humu humu, kwa mapambio. Akanunua gari la pili.

Mama akaja kibandani.

"Mwanangu, shusha hicho chuma. Kaka yako anazomewa hadi sokoni."

"Mama, lile sufuria ni la nani?"

"Sufuria gani tena?"

"La jikoni kwako."

Akanitazama. Akajifunga kanga vizuri, akaondoka bila kuaga.

Mngependa niishie hapa, eeh? Mbaya kaumbuka, mwema katajirika, tukalale. Ngojeni!

Wiki iliyopita nimekaa kwenye cherehani, nakanyaga kwa mguu wa kushoto, maana wa kulia haujikunji tena. Ushonaji wangu sasa unakwenda kama mzee anayepanda ngazi. Mara... KISHINDO! Gari dogo limejibamiza kwenye ukuta ule ule.

Breakdown ikaja upande usio wake. Nusura impitie mama mmoja mwenye ndoo kichwani. Ni Kipara! Akaruka chini, akakimbilia nyuma, KLAK!

Nikajikokota na mkongojo mpaka pale. Ndani kuna mwanaume anaguna, kichwa kimeegemea usukani.

"Kipara! Kuna mtu ndani!"

"Namwona, fundi. Ngoja nilikaze kwanza."

"Ukaze? Wewe?! Wewe uliyenikatia mnyororo mimi!"

Akanitazama, hata hana haya. Kama vile nimemuuliza kitu ambacho mtoto anakijua.

"Fundi, ule mnyororo ulikuwa wa Kulabu. Huu ni wangu."

Nyie...

Kumbukumbu yangu ndefu ninayojivunia ikanirudisha siku ile. Aliyekata ni Kipara, ndiyo. Lakini walioubandua mlango ni muuza matairi na kinyozi. Kipara wakati huo alikuwa wapi? Alikuwa nyuma ya gari, ameinama, anafunga wa kwake! Hakukata ili mimi nitoke. Alikata ili yeye afunge.

Nilikuwa nimeliona. Sikulitazama tu.

Sikusema naye tena. Nikaukalia mnyororo wake. Nikaukalia kabisa, matako juu ya chuma, mguu mbovu umenyooka katikati ya barabara.

"Vuta sasa!"

"Fundi, ondoka hapo."

"VUTA!"

Kinyozi akaja na mashine yake mkononi, akakaa kulia kwangu. Muuza matairi kushoto. Wale wa kwenye foleni wakaanza kushuka kwenye magari, mmoja mmoja, wanapaza sauti, "Mtu kwanza! Mtu kwanza!" Kipara akaulegeza mnyororo. Mlango ukafunguliwa. Yule mwanaume akatolewa akiwa anapumua, akapakiwa kwenye gari la mtu wa foleni asiyemjua, wakaenda hospitali. Jina lake sikuuliza.

Sasa sikieni, na mwenye breakdown anayenisoma asikie pia.

Nilipoteza muda kutafuta mwema na mbaya kati yao. Kulabu na Kipara ni mtu yule yule, tofauti ni nywele. Palipo na sheria ya ALIYEWAHI NDIYE MWENYEWE, hata malaika ukimpa mnyororo atafunga kwanza. Msinililie mimi, wala msimzomee kaka yangu peke yake. Mkiona ajali, zungukeni gari lile. Kalieni mnyororo. Asivute mtu mpaka wa mwisho atoke. Hiyo ndiyo sheria mpya ya kona yetu, hatukumwomba Mwenyekiti mwenye bampa.

Kaka alipita juzi. Alisikia ya Kipara, akaja anachekelea.

"Umeona, dada? Sasa shusha wangu."

"Siushushi."

"Kumbe kosa si la kwangu peke yangu!"

"Ndiyo. Ndiyo maana nimeusogeza kidogo, wa mwenzako upate nafasi."

Maana mnyororo wake Kipara aliuacha pale pale kwa kuwakimbia watu wa foleni. Jana nimepigilia msumari wa pili.

Ukuta wangu ni mrefu. Na misumari mimi fundi viti ninayo... boksi zima.