Picha ya Kifua cha Baba

Limi anasoma kidato cha kwanza mjini Chato. Kila asubuhi anapofagia uwanja wa bweni, upepo wa ziwa humletea harufu ya dagaa kutoka mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Wenzake huziba pua na kulalamika. Yeye husimama kidogo, ufagio mkononi, akaivuta harufu hiyo kama mtu aliyepishana na jirani wa zamani. Kwa dakika moja huwa yuko nyumbani, kisiwani Nyabugera, mwaka ule aliokuwa darasa la sita.

Mwaka ule siku zake zilianza kwa dagaa. Kulipopambazuka, mitumbwi ilirudi kutoka ziwani, na yeye na mama yake waliwaanika dagaa juu ya mchanga. Mdogo wake, Luka, aliyekuwa na umri wa miaka mitano, aliwafukuza kunguru kwa kijiti huku akiwatukana kwa matusi ya kitoto. Baada ya hapo Limi alinawa, akanywa uji, akakimbilia shuleni nywele zikiwa bado na magamba.

Lakini wakati alioupenda zaidi ulikuwa jioni. Baba yake, Ndaki, hakuwa mwenyeji wa ziwani. Alizaliwa Didia, upande wa Shinyanga, katika nchi ya ng'ombe, mpunga na pamba. Alipokuwa kijana alikwenda Geita kutafuta dhahabu. Huko alifanya kazi kwenye karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, akishinda ndani ya vumbi jeupe kutwa nzima. Limi alipokuwa mdogo sana ndipo familia ilipohamia kisiwani, baba akawa mvuvi.

Jioni, wakisubiri ugali, baba alisimulia habari za Didia. Aliwaeleza jinsi ng'ombe walivyotifua vumbi wakirudi zizini, na jinsi vikundi viwili vya ngoma vilivyoshindana baada ya mavuno mpaka watu wakasahau kula. Alisimulia pia habari za mama yake mzazi, bibi yake Limi, ambaye naye aliitwa Limi, na aliyetikisa maziwa kwenye kibuyu huku akiimba. Kwa sababu ya jina hilo, baba alimwita binti yake "Mayu", yaani mama. Limi hakuwahi kufika Didia, lakini aliikumbuka kana kwamba alizaliwa huko.

Kisha kikaja kikohozi. Mwanzoni kilikatiza hadithi mara moja moja. Baadaye kilizifupisha. Mwishowe baba alikaa kimya tu, akiegemea ukuta, na watoto wa jirani waliozoea kuja kusikiliza wakaacha kuja.

"Ni vumbi la Geita," alisema mama alipoulizwa. "Litakwisha."

Alasiri moja Limi alitoka shule akapita nyuma ya nyumba kuchukua ndoo. Alimkuta baba amepiga magoti, akikohoa ndani ya kitambaa. Alipokiondoa mdomoni, kilikuwa na damu.

"Baba!"

"Shh! Njoo hapa, Mayu." Ndaki alikikunja kitambaa upesi. "Mama yako asijue. Wala mtu mwingine yeyote."

"Lakini unaumwa, baba. Twende zahanati."

Ndaki alitikisa kichwa. "Kule Geita nilikuwa na rafiki, Athanas. Tulikula sahani moja. Siku aliyopimwa akaambiwa ana kifua kikuu, watu wote walimkimbia. Kikombe chake kilitengwa, godoro lake likatupwa nje. Alikufa peke yake, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokimbia. Wakijua hapa, nani atapanda mtumbwi mmoja na mimi? Mtakula nini? Hili liwe la mimi na wewe."

Limi aliitikia kwa kichwa. Siku za kwanza alijiona mkubwa, kwa kuwa baba alimwamini. Lakini kila usiku alipomsikia baba akikohoa, na Luka amelala kwenye mkono wa baba kama kawaida yake, siri ile ilimkaa tumboni kama ugali mbichi.

Luka naye alibadilika. Aliacha kuwafukuza kunguru. Alikaa mchangani amejikunja, shingo imekuwa nyembamba, na uji wake ukapoa bila kuguswa.

Siku moja Mwalimu Eustace, mwalimu wa sayansi, aliingia darasani akiwa na furaha isiyo ya kawaida.

"Wiki ijayo tunapata wageni," alisema. "Wataalamu wa afya wanakuja na mashine ya eksirei, mashine inayopiga picha ya ndani ya kifua. Mnajua sisi hapa mtu akihitaji picha hiyo lazima avuke ziwa mpaka ng'ambo. Ziwa likichafuka, anasubiri. Wengine wamesubiri mpaka wakatutoka. Safari hii mashine inatufuata yenyewe."

Benedict, mvulana aliyependa kuuliza, alinyoosha mkono. "Mwalimu, ni kweli ile mashine inanyonya damu?"

"Benedict, mjomba wako amekupiga picha ngapi kwa simu yake?"

"Nyingi, mwalimu."

"Amekunyonya damu kiasi gani?"

Darasa lilicheka. Mwalimu naye alicheka, kisha akawa makini. Alieleza kwamba kifua kikuu husambaa kwa hewa, mgonjwa anapokohoa, na wala si kwa kikombe au sahani. Alisema ugonjwa huo unatibika na kupona. "Ila anayeuficha," aliongeza, "anawapa wengine bila kutaka. Na wanaoupata haraka zaidi ni watoto wadogo wanaolala naye chumba kimoja."

Limi hakusikia tena chochote. Alikuwa akiiona shingo ya Luka.

Wageni walifika kwa boti asubuhi yenye jua kali. Kiongozi wao alikuwa Esta, mtaalamu wa mionzi, mwanamke mwenye sauti ya upole na viatu vilivyolowa. Limi alitarajia mashine kubwa kama nyumba, lakini Esta alifungua sanduku akatoa kitu kinachofanana na kamera nene, akakifunga kwenye stendi ndani ya chumba cha zahanati. Mtu alisimama kifua chake kikigusa bamba jeusi, akavuta pumzi na kuibana, na punde picha ikatokea kwenye kompyuta. Hakukuhitajika umeme wa nyaya. Betri yake ilichajiwa kwa jua.

Watu walijaa. Vikongwe walicheka kuona mbavu zao. Mama Limi alipigwa picha, nayo ikawa safi.

"Na baba wa nyumbani?" Esta aliuliza.

"Ameenda upande wa pili kushona nyavu," mama alijibu. "Yeye anasema alishapimwa Chato, safari ile aliyokwenda na huyu binti."

Limi aliinamisha macho. Safari ile waliyokwenda Chato walinunua nyavu na sabuni, wakala mandazi, wakarudi. Hawakukanyaga hospitali yoyote. Alifungua mdomo aseme, lakini akauona uso wa baba nyuma ya nyumba siku ile, akaufunga.

Alasiri upepo ulianza. Mwendesha boti alitazama ziwa akasema, "Daktari, tukichelewa hatuondoki leo." Esta akaanza kukusanya vifaa vyake.

Limi alipoona stendi inakunjwa, aligeuka akakimbia. Alipita mashamba ya mihogo, akateremka kwenye mawe, mpaka alipomkuta baba ameketi peke yake, nyavu zimelala mapajani bila kushonwa.

"Baba, wanaondoka. Twende."

"Nilikwambia nini, Mayu?"

"Uliniambia nisiseme. Sijasema." Limi alikuwa akihema. "Lakini nitasema, baba. Nimekuja kukwambia wewe kwanza. Usipokwenda, nitamwambia mama na daktari, leo hii."

Ndaki alisimama kwa hasira. "Mtoto unanitisha mimi?"

"Sikutishi! Luka hali chakula, baba. Hujamwona shingo? Analala juu ya mkono wako kila siku. Mwalimu amesema watoto wadogo ndio wanaoupata haraka." Machozi yalimtoka. "Unipige ukitaka. Lakini Luka hajui kitu."

Ndaki alitaka kujibu, kikohozi kikamshika. Alikohoa mpaka akashikilia jiwe. Kilipotulia, hakukuwa na hasira tena usoni mwake. Alikuwa mtu aliyechoka tu.

"Luka," alisema taratibu, kana kwamba analisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Akaziacha nyavu palepale.

Walipofika zahanati, sanduku lilikuwa tayari linabebwa kuelekea kwenye boti. Ndaki alisimama mbele ya Esta, akavua kofia.

"Daktari, nilimdanganya mke wangu. Sijapimwa popote. Ninakohoa damu."

Mwendesha boti alilitazama ziwa. Esta alimtazama Ndaki. Kisha akasema, "Rudisheni sanduku ndani. Tutalala hapa."

Picha ya baba ilipotokea, Esta aliwaruhusu kuiona. "Mapafu yenye afya huonekana meusi, kwa sababu yamejaa hewa," alieleza, akipitisha kidole kwenye kioo. "Hapa juu mnaona weupe kama wingu? Nina wasiwasi hiki ni kifua kikuu. Tutapima makohozi kuhakikisha. Na vidoadoa hivi vidogo vilivyotapakaa... ulifanya kazi gani zamani?"

"Karasha, Geita."

"Basi hili ni vumbi la mawe, limeacha makovu. Sitakudanganya, baba. Makovu haya hayaondoki. Lakini kifua kikuu kinatibika. Haya ni magonjwa mawili, umekuwa ukiyabeba pamoja ukidhani ni moja."

Kisha akapigwa picha Luka, akiwa amekalishwa mbele ya bamba huku mama amemshika. Esta aliitazama picha yake kwa muda mrefu. Hakuhitaji kusema mengi: weupe ulikuwapo hapo pia.

Ndaki aliketi chini, sakafuni, akajifunika uso kwa kofia. Mama Limi alibaki amesimama. Hakuuliza habari za ugonjwa.

"Ulijua?" alimwuliza Limi.

"Ndiyo, mama. Niliona damu."

Mama akamgeukia mumewe. "Ndaki, mzigo huu ulimtwika mtoto? Mimi nilikuwa wapi?" Kisha akamvuta Limi kifuani kwake, akambana kwa nguvu, wala hakumgombeza.

Majibu ya makohozi yalithibitisha alichokiona Esta. Tangu siku hiyo, Generosa, muuguzi wa zahanati, alimpa Ndaki dawa na kuhakikisha anazimeza. Luka alipewa vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji, vyenye ladha ya matunda, akawa anavidai mwenyewe kama peremende. Limi na mama yake walipewa dawa za kinga. Madirisha ya nyumba, yaliyokuwa yamezibwa kwa magunia, yalifunguliwa.

Si kwamba yote yalikuwa mepesi. Majirani wengine walipita mbali. Mwanamke mmoja aliwakataza wanawe kucheza na Luka. Limi alirudi kutoka shuleni siku moja akilia kwa maneno aliyoambiwa. Lakini Mwalimu Eustace na Generosa walizunguka nyumba kwa nyumba wakieleza. Na jioni moja Selestine, mwenye mtumbwi aliokuwa akivulia Ndaki, alikuja bila kualikwa, akanawa mikono, akaketi, akamega ugali kwenye sahani ya Ndaki.

"Kwani dagaa wangu wamekukosea nini?" aliuliza. "Usipopona nani atanishonea nyavu?" Kabla ya kuondoka, akamnong'oneza Generosa, aliyekuwa amekuja kuleta dawa, kwamba naye ana kikohozi cha muda mrefu, na angependa kupimwa.

Baada ya miezi sita ya dawa, kifua kikuu kiliondoka. Luka alinenepa mpaka kaptula zake zikambana. Ndaki hakuweza tena kupiga kasia kutwa, kwa sababu makovu ya vumbi yalibaki na kumfanya ahemee juu juu. Akawa fundi wa nyavu ufukweni. Wengine walimhurumia, lakini yeye alisema kushona nyavu ni kazi nzuri kwa mtu mwenye mdomo wa kusimulia.

Limi alipofaulu kwenda sekondari, familia nzima ilimsindikiza mwaloni. Mama alimfungia karanga za kukaanga. Ndaki alimshika mkono, akamtenga kidogo na wengine.

"Mayu, kuna neno sijakwambia," alisema. "Siku ile kwenye mawe nilikasirika kwa sababu niliona aibu. Nilimkimbia Athanas, nikaogopa kukimbiwa. Hofu ndiyo iliyotaka kutuua, kuliko ugonjwa. Huko uendako utakutana na watu watakaokuomba uwatunzie siri. Zitunze, ndiyo heshima. Lakini siri inayomwumiza mtu usiitunze, hata kama aliyekupa ni baba yako. Mwendee mwenyewe kwanza, umwambie usoni, kama ulivyoniambia mimi. Na mwili wako ukikupa habari mbaya, kaipime mapema. Ugonjwa haupungui kwa kufichwa."

"Nimesikia, baba."

"Wabeja, asante sana, mwanangu. Ulituponya."

Boti iliondoka. Limi aliketi nyuma akiwatazama wakizidi kuwa wadogo: mama akipunga khanga, baba amesimama na mkono kifuani. Luka alikuwa akikimbia kandokando ya maji, sambamba na boti, akilitaja jina la dada yake kwa sauti kubwa, akiruka mawe na mitumbwi iliyopinduliwa, akaendelea kukimbia mpaka ufukwe ulipokwisha. Hapo alisimama, akacheka, akapiga kelele tena. Hakukohoa hata kidogo.