Testi ya Pili ya Mama Anneth

Kila jioni, kabla giza halijaingia, Anneth alibeba sahani ya chakula kutoka jikoni kwa mama yake hadi kwenye nyumba ndogo ya babu, upande wa pili wa migomba. Pamoja na sahani alibeba maneno. "Mwambie babu chumvi imezidi kidogo, anisamehe," mama alikuwa akisema. Muda si mrefu Anneth alikuwa akirudi na jibu: "Babu anasema chumvi ni sawa, ila yule ng'ombe mweusi anakohoa."

Mama yake, Yustina, na babu yake, Mzee Anyitike, waliishi kwenye kiwanja kimoja pembeni mwa mji wa Tukuyu, lakini hawakuwahi kuzungumza uso kwa uso. Si kwamba walikuwa na ugomvi. Mzee alishika mila ya zamani ya Wanyakyusa: mke wa mtoto wako hakutazami usoni, wala hapishani nawe njiani. Akimwona baba mkwe anakuja, hujitenga pembeni na kufunika uso kwa kanga mpaka apite. Wengi mjini wameshaiacha mila hiyo, lakini Yustina aliolewa katika nyumba iliyoishika, naye akaishika kwa moyo wote. Baba yake Anneth alikuwa mbali, akifanya kazi ya ujenzi Dodoma. Basi mtu wa kupeleka na kurudisha maneno alikuwa Anneth, mwanafunzi wa darasa la sita. Aliipenda sana kazi hiyo, kwa sababu ilimfanya ajione mtu mkubwa.

Mwaka huo mama alijiunga na chuo cha udereva. Chama cha wafugaji kilikuwa kimepata pikapu ya kukusanya maziwa vijijini, Matwebe na kwingineko, na mwenyekiti wa chama, Bibi Esnath, alimwahidi kazi ya kuiendesha. "Ila uje na leseni kabla mwezi ujao haujaisha," alisema. "Maziwa yanaharibika, mama. Siwezi kukusubiri zaidi ya hapo."

Mama alijifunza kwa bidii. Mwalimu Jotham, mwenye chuo, alimsifu mbele ya wenzake kwamba gia anazibadilisha bila gari kushtuka. Kwa hiyo siku ya testi hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Akafeli.

"Nilisahau breki ya mkono mlimani," mama aliwaambia majirani waliokuja kumpa pole.

Walipoondoka, akaketi na Anneth kumenya viazi, akamwambia ukweli. Trafiki aliyekuwa akiwapima alimwamuru asimamishe gari katikati ya mlima wa kutokea sokoni, kisha aondoke bila kurudi nyuma. Pale pale babu akatokea kwa mbele, anashuka na mkungu wa ndizi begani. Mikono ya mama ikafanya ilichozoea. Ikaachia usukani, ikavuta kanga, ikafunika uso. Gari likarudi nyuma, likakosa kidogo tu kumgonga mwendesha bodaboda. Trafiki alikuwa mgeni wa huku, asingeelewa hata angeelezwa.

"Usimwambie mtu," mama alisema. "Watu watanicheka. Na babu yako asijue kabisa. Atajiona yeye ndiye aliyeninyima kazi."

"Simwambii mtu, mama."

Kumbe kufeli kulikuwa ndiyo sehemu rahisi. Kazi ilikuwa kupata nafasi ya kurudia. Gari la chuo lilikuwa moja, na kila testi lilichukua watu wachache tu. Wale ambao hawajapimwa hata mara moja walitangulizwa, waliofeli wakawekwa mwisho. Mama alipofika chuoni, aliambiwa trafiki yuko likizo. Aliporudi, aliambiwa ukungu umezidi, testi imeahirishwa. Aliporudi tena, aliambiwa apige simu, na simu ikawa haipokelewi. Leseni yake ya kujifunzia ilikuwa inakaribia kuisha muda, na mwezi wa Bibi Esnath ulikuwa unayoyoma.

Hatimaye Mwalimu Jotham akamwonea huruma. "Ijumaa ijayo, Mama Anneth. Nafasi yako ipo." Siku hiyo mama alirudi nyumbani anaimba.

Sasa, Anneth alikuwa na rafiki wa chanda na pete aitwaye Nahla. Baba yake Nahla, Mzee Suleimani, alikuwa fundi cherehani pale mjini, na kaka yake, Hasheem, alikuwa akijifunza udereva kwenye chuo kile kile. Jumatatu, wakitoka shuleni, Nahla alisema, "Eti mama yako aliachia gari likarudi nyuma kama mtu asiyejua kitu. Kaka alikuwepo, aliona."

Anneth akahisi moto usoni. "Mama yangu anajua kuendesha kuliko kaka yako!"

"Basi kwa nini alifeli?"

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ni breki ya mkono, kama mama alivyosema mwenyewe. Lakini alitaka kumtetea mama yake, na alitaka kushinda ubishi, na yote mawili yakamfungua mdomo. Akasimulia kila kitu, babu, mkungu wa ndizi na kanga.

"Usimwambie mtu," alimalizia.

"Wallahi, simwambii," Nahla akasema, na alionekana kumaanisha.

Jumatano, wakati wa mapumziko, mvulana mmoja alivua sweta, akajifunika kichwa, akakimbia uwanja mzima akipiga kelele, "Jamani, baba mkwe huyo! Gari linarudi!" Wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini. Anneth alisimama penye bomba la maji, mikono inatiririka, hawezi kusogea. Hakuna aliyehitaji kumweleza walikuwa wanamcheka nani.

Alimkuta Nahla nyuma ya darasa.

"Ulisema Wallahi!"

"Sikumwambia mtu, Anneth. Nilimwambia kaka tu."

"Kaka yako si mtu?"

Nahla akaanza kulia, lakini Anneth hakutaka kuona machozi yake. Walikuwa wamekaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Alimpa jambo la ndani kabisa la nyumbani kwao, naye akaligeuza kichekesho. Anneth akachukua mkoba wake, akahamia dawati la nyuma.

Alipofika nyumbani alimkuta mama ameketi kwenye ngazi, simu mkononi. Mwalimu Jotham alikuwa amepiga. Hasheem aliigiza kisa kile ofisini, watu wote wakacheka, na mwalimu akafikiri upya. Mzee anapita mlima ule karibu kila siku, alisema. Mama akijifunika tena mbele ya trafiki, chuo kitaonekana hakifundishi. Nafasi ya Ijumaa amempa mtu mwingine.

"Ulimwambia nani?" mama aliuliza. Hakupandisha sauti.

"Nahla tu, mama."

Neno lile, "tu", lilipomtoka, Anneth alilisikia. Ni lile lile alilolisema Nahla nyuma ya darasa. Akamtazama mama, akaona uso aliokuwa nao yeye mwenyewe pale bombani.

Afadhali mama angemchapa. Mama aliingia jikoni, akapika, akapakua sahani ya babu, akamkabidhi. Anneth akasubiri maneno.

"Peleka," mama alisema. Basi.

Kesho yake jioni ikawa hivyo hivyo. Sahani peke yake. Anneth alitembea katikati ya migomba akihisi mikono yake mitupu ingawa amebeba chakula.

Babu hakuchelewa kugundua. "Gwe mwana, mama yako anaumwa? Mbona hana maneno siku hizi?"

Anneth alitamani kumweleza yote. Yalikuwa yamemjaa kifuani. Lakini safari hii aliuma midomo. "Babu, siwezi kusema mpaka mama aniruhusu."

Akarudi mbio jikoni. "Mama, babu anauliza. Nilikosa, na ninajua nilikosa. Nimwambie au nisimwambie?"

Mama aliendelea kukoroga mboga iliyokuwa imeshaiva, akiwaza. Mjini kote wanajua, naye mzee atasikia dukani kwa mtu mwenye dharau. "Mwambie," alisema. "Mwambie yote kama yalivyo. Usiongeze la kwako."

Anneth akaeleza, hata sehemu yake mwenyewe. Babu aliacha kula. Akarudisha tonge kwenye sahani.

"Mila hii ni heshima kwangu," alisema. "Sasa heshima imemnyima mkwe wangu kazi. Nitaila? Nenda kamwambie hivi. Nyumbani mimi ni baba mkwe wake. Akiwa kwenye usukani, mimi ni mtembea kwa miguu. Akinikuta barabarani apige honi, mimi nitapisha."

Anneth aliyapeleka maneno yale polepole, bila kupunguza wala kuongeza. Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mwambie babu, ndaga fijo. Nimeshukuru sana."

Ijumaa asubuhi trafiki hakutokea, na testi ikasogezwa hadi Jumatatu. Kwa mara ya kwanza mama alifurahia kuahirishwa, maana huenda nafasi yake ingerudi. Jumamosi babu alivaa koti lake la kanisani, akashika fimbo, akaenda chuoni na Anneth. Wanafunzi wa udereva walipomwona mlangoni wakanyamaza. Hasheem alikuwa miongoni mwao, akaanza kutazama viatu vyake.

"Shikamoo, mzee," Mwalimu Jotham akasema.

"Marahaba. Mimi ndiye yule baba mkwe mnayemcheka. Nakwenda kusimama pale pale mlimani. Mpigie simu mkwe wangu, mpe gari. Akijifunika uso, msimpe nafasi tena maishani. Asipojifunika, utanieleza kwa nini umemfuta."

Jotham alitafuta namba ya mama. Akapiga simu.

Mama alikuja akiwa amefunga kanga yake kiunoni, imekazwa kabisa. Jotham akaketi kando yake. Anneth alisimama na babu katikati ya mlima, na moyo ulimdunda kama yeye ndiye anayepimwa. Gari lilipanda, likafika karibu nao, likasimama. Mama alimwona babu. Mkono wake wa kushoto ukaachia usukani ukaelekea kiunoni kwenye kanga, na Anneth akafumba macho.

Alipofumbua, mkono ulikuwa kwenye breki ya mkono. Mama alikuwa akitazama barabara mbele, si babu, kama dereva anavyotakiwa. Kisha akapiga honi.

Haikuwa honi ndogo. Babu, pamoja na maneno yake yote, aliruka hadi mtaroni na kofia ikamtoka. Gari likaondoka taratibu, bila kurudi nyuma hata kidogo. Babu aliokota kofia yake huku akicheka kwa sauti. "Huyo dereva!" alisema. "Angenikanyaga huyo!"

Babu akabaki nje, na ofisini Jotham alimwomba mama radhi mbele ya wote. Kisha akajikuna kichwa. Jumatatu gari limejaa. Testi nyingine haijulikani ni lini, na mwezi umebaki siku za kuhesabu.

"Mpe nafasi yangu," Hasheem akasema, bado hajainua macho. "Mimi nitasubiri. Samahani, mama. Nilikukosea."

"Ahsante, baba," mama alijibu. "Usirudie kwa mwenzako mwingine."

Nahla alikuwa amemfuata kaka yake, akasimama nje karibu na gari. Aliomba msamaha, na Anneth aliupokea. Hata hivyo hakurudi kwenye dawati la zamani siku hiyo hiyo. Moyo wake ulikuwa bado umefura, na sasa alijua kwamba wa mama nao ulikuwa hivyo.

Jumatatu mchana Anneth alikuwa akitoka darasani Nahla alipomkimbilia, anahema. "Anneth! Hongera! Mama yako amepasi! Kaka amenipigia kupitia simu ya mwalimu wa zamu, chuo kizima wanashangilia!"

Anneth alifurahi, kisha furaha ikakwama. Mwalimu wa zamu alikuwa na namba ya mama, na mama alikuwa na yake. Alikimbia hadi nyumbani, akamkuta mama anamenya ndizi jikoni, uso unang'aa.

"Mama, umepasi! Babu anajua?"

"Anajua. Nimempigia Bibi Esnath aende akamwambie. Kesho naanza kazi."

"Bibi Esnath anajua, babu anajua, Nahla anajua." Anneth alihesabu kwa vidole. "Mbona mimi hukunipigia?"

Mama aliweka kisu chini. "Nilishika simu. Nikaogopa. Nikaona bora nipate kwanza karatasi ya matokeo mkononi, asije mtu akaniharibia tena."

"Uliogopa nani?"

"Nilikuogopa wewe, mwanangu."

Anneth akalia. Mama alimvuta karibu, akamkalisha kwenye kigoda.

"Sikiliza. Nimekusamehe tangu siku ile uliporudi kuniuliza umwambie babu au usimwambie. Sina kinyongo na wewe. Lakini mtu akikupa jambo lake ulitunze, bado ni lake. Huwezi kumgawia mwingine, hata kwa nia njema, hata kwa rafiki mmoja tu. Ukiligawa, msamaha unaweza kuupata siku hiyo hiyo. Kuaminiwa hakurudi haraka hivyo. Itabidi ufanye kazi, na mimi itabidi nijifunze kukuamini tena. Tutafanya wote wawili."

Anneth alitikisa kichwa kukubali. Aliumia, na hakuwa na mtu wa kumlaumu. Akavuta karibu beseni la ndizi, akachukua kisu kingine, akaanza kumenya pamoja na mama yake bila kuuliza neno zaidi.