Tovuti Iliyohamishwa Bila Kuambiwa

Kila asubuhi, kabla ya kuketi kwenye kitanda cha mfumi, Mama Voahangy alifungua simu yake na kumsikiliza mwanawe.

Sauti ya Njaka ilikuwa kwenye tovuti ya familia. Aliirekodi mwenyewe. "Hii ni hariri ya mwituni," alisema. "Mama yangu huisokota kwa mkono. Msimwombe picha, atawafukuza." Halafu alicheka. Mama naye alicheka kidogo, akaweka simu kando, akaanza kufuma.

Haingo, binti yake, aliyasikia yote hayo akiwa jikoni, akikoroga wali wa majimaji. Kaka yake alifariki mwaka uliopita, kule pwani, mbali na vilima vya kwao. Alizikwa hukohuko kwa muda. Siku ikifika, familia ingemleta kwenye kaburi la ukoo. Sanda aliyokuwa akiifuma Mama ilikuwa yake.

Tovuti ile ilikuwa na shida moja. Njaka aliijenga ndani ya folda aliyoiita andrana, yaani majaribio. Akishamaliza, angeitoa mbele, kwenye anwani kuu. Hakuwahi. Basi mtu akiandika jina la tovuti peke yake, kama lilivyoshonwa kwenye kila kitambaa, alikuta ukurasa mweupe ulioandikwa: Tunakuja karibuni. Ili aione tovuti yenyewe, ilimbidi aongeze alama ya mkwaju (/) na neno andrana. Nani angejua hilo? Mama alifika kwa sababu Njaka alimwekea anwani hiyo kwenye simu.

Msimu wa baridi ulikaribia. Ndio msimu ambao familia huwatoa wafu wao makaburini na kuwavika hariri mpya. Bila msimu huo, mfumaji hana cha kula.

"Nilidhani mmefunga," mteja mmoja wa mji mkuu alimwambia Haingo kwa simu. "Nimeshanunua kwingine, dada. Samahani."

Haingo aliweka simu mezani. "Mama, leo namtoa Njaka huko majaribioni."

"Unajua namna?"

"Ni mafaili tu. Nayatoa kwenye folda, nayaweka nje."

"Basi usiache hata kipande. Ukimhamisha mtu, unaokota kila kitu."

Haingo alifungua kompyuta ya kaka yake, akaingia mahali mafaili ya tovuti yanapotunzwa. Aliufuta ule ukurasa mweupe. Akachagua mafaili yote ndani ya andrana, akayahamishia nje. Hakuacha hata kipande.

Kisha akaifungua tovuti. Jina lilikuwepo, lakini rangi zimepotea na picha hazipo. Akabonyeza ukurasa wa sauti. Ukurasa haupatikani. Akajaribu kuingia kwenye mipangilio. Haipatikani. Akajaribu anwani ya zamani. Hakuna kitu.

Mama alitokea mlangoni na simu mkononi. "Haongei," alisema. "Nimegusa nini?"

"Hujagusa kitu, Mama. Ni mimi."

Mama alirudi kwenye kitanda cha mfumi. Haingo alisubiri asikie mlio wa kufuma. Hakuusikia.

Akatoka kwenda kwa Vololona, jirani yao, ambaye kazi yake ni kuwatengenezea wenye maduka tovuti. Alimkuta uani akianika maharage.

"Ulichukua nakala kabla ya kuhamisha?" Vololona aliuliza.

"Nakala ya nini?"

"Nilijua. Kila anayenibishia hodi huwa hana nakala. Umefuta nini?"

"Ukurasa ule mweupe tu."

"Huo hauna matanga. Twende, na usiguse kitu tena."

Vololona aliketi mbele ya kompyuta. Kwanza aliyarudisha mafaili yote ndani ya andrana, kama yalivyokuwa. Akaifungua anwani ya zamani na kubonyeza ukurasa wa sauti. Njaka akacheka.

Mama alikuja mbio, uzi ungali umening'inia kidoleni. Alisikiliza mpaka sauti ikaisha.

"Basi mwacheni hukohuko," alisema. "Wateja watatafuta kwingine. Mimi siwezi kumpoteza mara mbili."

"Hatapotea, Mama," Vololona alisema. "Hebu nikuulize. Mkienda kumchukua mtu kaburini, mnafika tu na majembe?"

"Adabu gani hiyo? Siku moja kabla, mkubwa wa familia huenda kumwita kwa jina. Humwambia, kesho tunakuja, usiende mbali."

"Asipoambiwa?"

"Mtabeba mifupa, na mwenyewe atabaki kule akitangatanga."

"Ndivyo alivyofanya Haingo. Tovuti ina sehemu mbili. Mafaili ni moja. Ya pili ni hifadhidata, yaani ghala yanamowekwa maandishi yote ya Njaka. Humo pia imeandikwa anwani ya tovuti. Haingo alibeba mafaili, lakini ghala halikuambiwa. Kila kitu kikaendelea kutafutwa andrana, na andrana ni tupu."

Mama alimgeukia binti yake. "Hukumwambia."

"Sikujua kama huambiwa, Mama."

"Sasa unajua. Vuta kiti."

Vololona alimwachia Haingo kompyuta, yeye akawa anaelekeza. Walianza na nakala. Walinakili mafaili, wakanakili na ghala, wakaziweka nakala zote mbili nje ya kompyuta ile. "Tukikosea, tunarudi hapa," Vololona alisema.

Kisha Haingo aliingia kwenye mipangilio. Kulikuwa na visanduku viwili vya anwani. Kimoja ni mahali mafaili yanapokaa. Kingine ni anwani wanayoijia wageni. Alifuta mkwaju na neno andrana kwenye vyote viwili.

"Sasa hifadhi."

"Subiri," Mama alisema. Aliinama karibu na kioo cha kompyuta. "Njaka, mwanangu. Tunakuhamisha. Usiende mbali."

Haingo alibonyeza. Kioo kikaandika: Ukurasa haupatikani. Akataka kurudisha anwani ya zamani.

"Tulia," Vololona alisema. "Hapa ndipo watu huogopa wakaharibu. Tumeshamwambia, bado hatujambeba. Sasa hamisha mafaili."

Haingo aliyahamisha yote. Aliingia tena kwa kupitia anwani kuu, na mlango ukafunguka. Akafungua sehemu ya viungo, yaani anwani za kurasa, akahifadhi upya bila kubadili neno, ili tovuti ijipangie njia zake. Picha kadhaa zilikuwa bado zinaitaja anwani ya zamani. Vololona alimwonyesha kifaa cha kutafuta neno kwenye ghala zima na kuliweka jipya mahali pake. Picha zikarudi, moja baada ya nyingine. Wakafungua kila ukurasa kuhakikisha.

"Na atakayekuja kwa njia ya zamani?" Haingo aliuliza.

"Tunamwekea kibao cha kumwelekeza huku. Usimwache mgeni amesimama kwenye nyumba tupu."

Walipomaliza, Mama aliwamiminia maji ya ukoko wa wali, ya moto. Vololona alikunywa, akarudi kwenye maharage yake.

Wateja walianza kupiga simu kabla ya baridi kukolea. Mmoja alisema ameliona jina kwenye sanda ya babu yake, akaliandika kama lilivyo, akafika. Haingo alilazimika kumwita binamu aje kusaidia kusokota. Na tangu hapo hakugusa tovuti kabla ya kuchukua nakala.

Asubuhi moja alimwona Mama akifungua simu. "Nikubadilishie anwani, Mama? Hiyo bado ina andrana."

"Iache," Mama alisema. "Napita pale alipokuwa. Ananichukua, ananileta nyumbani."

Akabonyeza. Njaka akawaambia watu wasimwombe mama yake picha. Mama akacheka kidogo, akaweka simu kando, na mlio wa kufuma ukaanza.