Kigingi Ambacho Hakikupigiliwa

Sokoni Mwanga siku hiyo palikuwa hapapitiki. Winfrida alikuwa mlangoni pa duka lake la ushonaji, gauni la kitenge cha njano limemkaa sawasawa, alipomwona kijana mwenye buti za vumbi akinunua mifuko ya chumvi. Akamtania, samaki wote hao anawakaushia wapi?

"Si samaki, dada. Nainywesha ardhi."

Nehemia alikuwa mpimaji wa maji. Alipigilia vigingi vya chuma, akavimwagia maji ya chumvi ili umeme upenye ardhini. Mashine ilimwonyesha wapi umeme unapita kirahisi na wapi unakataa, naye akajua palipo maji, mwamba au mchanga. Winfrida alicheka, akampa namba. Kufikia masika simu zao zilikuwa haziishi, na mahari imeshaanza kuzungumzwa.

Ndipo baba yake Winfrida, Mzee Gervasi, alipotaka kisima nyumbani kwao Ilagala. Nehemia alinyoosha waya uani, mstari ukaelekea moja kwa moja kwenye kaburi la mama.

"Mpenzi, mama yangu usimpigilie chuma," Winfrida alimnong'oneza.

Kwa kumpenda, Nehemia aliukatisha mstari pale, upande wa kaburi akakisia tu. Kumbe huko kulikuwa na mchanga mlegevu. Kisima kilipochimbwa, ukuta wa upande wa kaburi uliporomoka, ukamfukia Dismasi, kaka yake Winfrida, aliyekuwa chini akichimba. Walimtoa akiwa maiti.

Msibani, Mzee Gervasi aliuliza kwa nini upande ule haukupimwa. Nehemia, shati jeupe limemganda kwa jasho, alijibu kuwa alifanya uvivu. Winfrida alijifunika khanga usoni, akanyamaza. Posa ikavunjwa palepale, na kijana akafukuzwa kama mbwa.

Matanga yalipoanuliwa, Winfrida alishindwa kuendelea kuubeba ule ukimya. Alimpigia baba yake magoti, akasema yote. Mzee alitoka, akaenda kukaa kati ya makaburi mawili. Winfrida akapiga simu.

"Nimemwambia baba. Rudi, Nehemia."

"Kwa nini umemwambia? Mimi nilishaubeba mzigo huo."

"Nakupenda."

"Nami nakupenda, Winnie. Lakini kila nikikutazama nitauona mchanga ule."

Winfrida alitaka kubisha, moyo ukakataa.

"Hata mimi," alisema.

Wakabaki hivyo, simu masikioni, kila mmoja akimsikia mwenzake akilia, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata, mpaka salio la Winfrida likaisha.