Magnesia na Mguu wa Angwenyi

Asubuhi hiyo Bonareri hakwenda kuchuma chai. Alikaa kando ya mumewe, Angwenyi, akifungua kitambaa mguuni. Jembe lilikuwa limemkata, na zahanati ikampa vidonge vya rangi mbili. Alivimeza karibu vyote, na mguu ndio kwanza unavimba. Sasa ulikuwa na harufu.

"Twende zahanati, Baba Makori."

"Niende wakanikate? Achana na mguu wangu."

Roho ikamruka Bonareri. Bila mguu, mtu atalima vipi milima hii ya Manga? Aliwaita mashemeji, wakambeba Angwenyi kwa machela, naye akinung'unika njia nzima.

Sista Tryphosa, muuguzi wa zahanati, alitazama kidonda akakunja uso.

"Mama, huyu anameza dawa kweli?"

"Haki ya Mungu, Sista, anameza. Namtilia mkononi mwenyewe, pamoja na vile vyeupe vya magnesia."

"Magnesia ya nini?"

"Ya kiungulia. Vile vyenu vinamchoma tumbo, basi nikanunua dukani. Halafu anashushia maziwa ya kibuyu. Nimpe mgonjwa maji matupu, mama mkwe aseme nini?"

Sista alivuta kiti, akaketi karibu naye.

"Sikiliza, mama. Magnesia inaishika dawa hii humo tumboni. Haiingii kwenye damu vizuri. Maziwa nayo ni vivyo hivyo. Anameza, lakini kidonda hakipati kitu."

Bonareri akatazama kiganja chake. Kumbe ni mkono wake mwenyewe!

"Nimemuua mume wangu, Sista."

"Hujamuua. Umemleta. Dawa hii ameze kwa maji, glasi nzima, akiwa ameketi. Magnesia na maziwa visikaribiane nayo. Acha muda wa saa tatu upite kwanza. Na ukitaka kununua chochote dukani, hata cha maumivu ya kichwa, njoo uulize. Utaje na dawa zote anazotumia."

Akasafisha kidonda, akamdunga sindano, akawapa vidonge vipya.

Bonareri hakuwa na saa. Alifuata kengele ya shule ng'ambo ya bonde. Ikilia asubuhi, dawa na maji. Maziwa hayakutoka mpaka watoto warudi kula mchana. Mama mkwe alinuna, na Angwenyi akamwita mchoyo. Yeye aliziba masikio. Kila alipofungua kitambaa, alinusa kidonda kwanza.

Kwanza harufu ikaisha. Halafu uvimbe ukapungua, na nyama mpya ikaanza kuziba kidonda.

Siku moja ya Sabato, Angwenyi alitangulia kwenye njia ya kanisani, amevaa viatu vyote viwili. Bonareri alimfuata nyuma akitazama visigino vyake, huku machozi yakimtoka.